Dakika Kumi, Franka Mia

Habari ilipanda Nyamugo kabla ya sukari kufika:
Murhula kaacha kazi.
Kampuni ile kubwa, yenye jina juu ya kila kasha,
imeandika mistari minne, imemshukuru, imefunga mlango.
Anakokwenda, hakusema.

Basi siku hiyo ukumbini kwangu hakuchezwa.
Vijana ishirini na mmoja, padi nne, jenereta moja
inayokohoa kama marehemu baba mkwe,
na kila mtu ana hoja.

Cikuru anasema Wajapani wameshamtumia tiketi.
Wajapani, anatueleza, humheshimu mtu anayechelewa kumaliza.
Byamungu anasema Kanada, kwenye baridi na pesa,
kwani Murhula hata hapa Bukavu alivaa sweta mbili.
Mtoto wa muuza sambaza, asiye na franka hamsini,
ambaye husimama mlangoni akicheza kwa macho,
anasema atafungua kampuni yake,
atakuwa bosi, akichoka atajifukuza.
Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mimi namjua kwa madeni.
Daftari la miaka ile bado lina ukurasa wake:
Murhula, dakika kumi. Murhula, dakika kumi.
Murhula, dakika thelathini, atalipa mama.
Mama hakulipa. Nabintu alikuwa akipandisha
magunia ya mkaa kutoka Beach Muhanzi,
kamba kwenye paji, macho kwenye vidole vya miguu,
na mtoto nyuma yake akihesabu ngazi
kwa sauti, ili mama asikae chini.

Waandishi wanauita ufundi.
Ati hakuna duniani ajuaye kupanga mlima
kama bwana yule: mchezaji anapanda, anachoka,
na hapo anapotaka kuitupa padi
anakuta jiwe la kukalia.
Nilicheza mchezo wake wa tatu usiku mmoja,
umeme uliporudi saa nane, watu wote wamelala.
Nikafika kwenye jiwe.
Nikasema, we mwizi, hili ni jiwe la kwa Nsimire,
tulipokuwa tukitua mizigo
kabla mvua haijaondoka nalo, na nyumba tatu.

Nyumba zile zimo.
Zina hata nguo kwenye kamba.

Sasa sikia nisilowaambia vijana.
Wiki moja kabla ya habari, simu iliita, namba ndefu.
«Mama Jenereta,»
jina ambalo wakubwa hawathubutu kunitajia,
«ile ngazi ya kumi na tisa, iliyokuwa ikicheza
ukiikanyaga, walishaitengeneza?»
Nikamwambia: ngazi zote zilikwenda, mwanangu.
Pamebaki mtaro. Tunapanda kwa kushika waya.
Akanyamaza. Kulikuwa na mlio nyuma yake,
mashine ya kahawa, au mvua ya huko.
Kisha: «Na chumba cha nyuma, ulikokuwa ukiweka mafuta,
kinavuja?»
Kinavuja upande mmoja, nikasema.
«Upande mmoja si mbaya,» akasema.
Salio likaisha, lake au langu, sijui.

Labda aliuliza tu.
Watu waliofika mbali huuliza habari za paa
kama wengine wanavyouliza habari za wagonjwa,
bila nia ya kuja kuwaona.
Na hapa mtu atafanyia nini kazi yake?
Umeme wa saa nne, intaneti ya kupanda darini,
mimi na daftari langu.

Waache wampeleke Japani. Wabishane.
Asubuhi hii nimemuuliza fundi bei ya mabati mawili,
nikaona ni ghali, nikaomba moja.
Nikaanza kutoa madumu.
Mtoto wa muuza sambaza akawa tayari mlangoni.
«Mama Jenereta, unahama?»
Nikamwambia, wewe shika huo mkono wa pili,
na angalia, sakafu ina mafuta.